Mtaro Wetu, Mafuriko Yao

Muhtasari wa kikao cha Februari, mwaka juzi, ajenda ya nne, unasomeka hivi: "Mtaro utaishia nyumba ya mwisho yenye geti jeusi. Eneo la chini halituhusu." Sentensi ya pili niliiandika mimi. Hakuna mjumbe aliyenitamkia maneno hayo. Walizungumza kwa muda mrefu, kila mmoja kwa namna yake, juu ya fedha, juu ya mafundi, juu ya masika yanayokaribia, nami katibu, kama makatibu wote, nikakusanya yaliyosemwa nikayafupisha. Maneno manne. Kikao kilichofuata yakasomwa, yakathibitishwa, tukanywa soda.

Naomba nianze na sifa za chama chetu, maana sitaki mtu adhani ninakichukia. Tuko nyumba arobaini na sita katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam, upande wa mlimani kidogo, na kila nyumba inachanga shilingi elfu thelathini kwa mwezi. Kwa fedha hizo tumeweka taa barabarani, tumeajiri walinzi wawili, tumejaza kifusi kwenye mashimo ambayo bajaji zilikuwa zinapindukia, na gari la taka linakuja Jumatano bila kubembelezwa. Kabla ya chama kulikuwa na giza na vibaka. Mwenyekiti wetu, mzee mstaafu mwenye daftari lenye jalada gumu, amewahi kusimama juani siku tatu mfululizo akisimamia kalavati moja. Mtu wa namna hiyo simdharau, na ukinikuta kijiweni namtetea.

Ninachokipinga ni mahali chama kinapoishia. Chama chetu kinaishia getini.

Mtaro ulikuwa jambo kubwa kuliko yote tuliyowahi kufanya. Barabara yetu ni ya udongo, na kila masika ilikuwa inageuka kijito. Tukakubaliana kila nyumba itoe laki nne na nusu. Nyumba thelathini na nane zikatoa, nyingine zikaahidi, na moja ikasema iko Ulaya. Tukapata mita mia moja na arobaini za mtaro wa zege, pembe zimenyooka, mteremko mzuri. Fundi aliusifu mwenyewe. Fedha zilipoisha, mtaro ukaisha, na pale ulipoishia ndipo penye geti jeusi. Mbele ya geti hilo barabara inashuka kuelekea bondeni, kwenye vyumba vya kupanga vilivyobanana hadi kijito.

Masika yakaja. Kwetu, raha. Maji yalipita kwenye zege kwa kasi, na watu wakayapiga video. Mmoja akaituma kwenye kundi la chama akaandika, "Thamani ya fedha." Tukapiga makofi kwa vidole.

Kesho yake asubuhi Mama Vitumbua hakuwepo kwenye kona yake. Simtaji jina, na sisi wenyewe hatulijui. Tumekula vitumbua vyake miaka sita na tunamwita kwa biashara yake. Alikuja mchana, kitenge kimelowa hadi magotini, mkononi ameshika madaftari ya mwanawe yaliyovimba kama mikate. Mlinzi akamuuliza ana shida na nani. Akasema na mwenyekiti. Nilikuwepo barazani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama, karibu."

"Ahsante. Nimekuja kuuliza tu. Ule mtaro wenu mwisho wake uko wapi?"

"Mwisho wake ni pale unapouona, mama."

"Pale ninapouona mimi ni mlangoni kwangu."

Mwenyekiti akampa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Akaagiza apewe chai. Akasema suala hilo ni la serikali, maana chama si serikali. Mama akanywa chai, akashukuru, akaondoka na madaftari yake. Jioni nikaripoti kwenye kundi, kwa uangalifu, kwamba wenzetu wa chini wamepata madhara. Jibu la kwanza lilikuja kabla sijaweka simu chini: "Nani aliwaambia wajenge mabondeni?" Likapata alama za kuungwa mkono kumi na moja.

Sentensi hii unaijua. Inatamkwa jijini kila mwaka mvua zikinyesha. Ilitamkwa Desemba 2011, maji yalipofunika Bonde la Msimbazi, watu zaidi ya arobaini wakafa jijini, na familia za mabondeni zikapelekwa Mabwepande kuanza upya kwenye mahema. Inatamkwa na mawaziri na inatamkwa na vijana wenye shahada, kwa sauti ileile ya mtu aliyechoka kumweleza mtoto. Uzuri wake ni kwamba inamaliza mjadala. Ukishasema "walijenga mabondeni," huna haja ya kuuliza maji yametoka wapi.

Basi tuulize. Kabla ya mtaro, mvua iliyonyesha kwetu ilikuwa inazagaa. Nyingine ilizama kwenye udongo, nyingine ilituama kwenye mashimo tuliyokuwa tunayalalamikia, nyingine ilishuka polepole usiku kucha. Baadaye tukapanda daraja la maisha. Kila ua likapigwa zege au likatandikwa vitofali, kwa sababu vumbi linachafua gari. Kila paa likaongezwa. Kiwanja kilichokuwa na miembe kikajazwa kifusi kikainuliwa, na jirani wa pembeni naye akainua cha kwake ili asiwe wa chini. Juu ya yote hayo tukaweka mtaro laini wa zege usio na kitu cha kupunguza kasi. Yale maji yaliyokuwa yanafika bondeni usiku mzima sasa yanafika ndani ya nusu saa, yote pamoja, yakiwa na chupa na nepi zetu. Na mtaani hapa wapo wanaotapisha vyoo mvua inapokolea, tena wanajulikana. Na hayo pia yanashuka.

Kwa hiyo wakazi wa bonde hawakufuatwa na mvua peke yake. Walifuatwa na mradi wetu. Wengi wao hawakujenga mahali popote: wamepanga, wanalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na mwenye nyumba wa vyumba kadhaa kule chini anakaa huku juu kwetu na ni mwanachama hai aliyechangia mtaro. Sikuambii ili ucheke, ingawa mimi nilicheka siku nilipolijua, kicheko kibaya.

Jiji hili limeshawahi kuufanya mchezo huu kwa ukubwa zaidi, na kumbukumbu zake ziko mahakamani. Miaka ya 1980 taka za Dar es Salaam zilikuwa zinamwagwa Tabata. Zilichomwa, moshi ukaingia majumbani, nzi wakatawala, watu wakaugua. Wakazi wa Tabata wakafanya kile ambacho wengi wetu tusingethubutu: wakaishtaki Halmashauri ya Jiji. Mwaka 1988 Mahakama Kuu ikaamuru umwagaji ukome. Halmashauri ikaomba muda, ikaomba tena muda, na taka zikaendelea kumwagwa. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kuiongezea muda zaidi, akisimama juu ya ibara ya 14 ya Katiba, ibara ya haki ya kuishi. Yaani wakazi wa kawaida wa mtaa mmoja walilifikisha jalala mbele ya Katiba. Mwanafunzi yeyote wa sheria akiniambia nchi hii haina simulizi za ushujaa, namtuma akasome kesi hiyo.

Lakini endelea kusoma. Halmashauri ililihamishia jalala Kunduchi Mtongani, ambako pia kulikuwa na watu. Nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Likahamia Vingunguti. Kisha Mtoni. Kisha Pugu Kinyamwezi. Kila mtaa ulipigania pua zake, na kila ushindi ukawa mzigo wa mtaa mwingine, kwa kawaida mtaa wenye watu wachache wanaojua kuandika hati ya kiapo. Siwalaumu watu wa Tabata. Aliyeshika moto si yeye anayepaswa kupanga zimamoto. Aliyepaswa kulaumiwa ni halmashauri iliyodhani kutii mahakama ni kubadilisha anwani. Ila kuna swali linalonisumbua: ingekuwaje kama watu wa Tabata na wa Kunduchi na wa Vingunguti wangekaa mkeka mmoja siku moja, wakadai taka zishughulikiwe badala ya kuhamishwa?

Hatuwezi kujua. Ninachojua ni kwamba chama chetu chenye nyumba arobaini na sita kimefanya katika mita mia moja na arobaini kitu kilekile jiji lilichofanya kwa miaka ishirini. Tofauti ni kwamba halmashauri ilishtakiwa, sisi tulijipongeza.

Wenzangu wana hoja zao, na baadhi ni nzito. Ya kwanza: chama si serikali. Kweli. Hatutozi kodi, hatuna wahandisi, na laki nne na nusu zimewatoa watu jasho. Lakini mtu asiye serikali anaruhusiwa kuchimba shimo? Anaruhusiwa, mradi asichimbe mlangoni kwa jirani. Wajibu wa kutomdhuru mwenzako hausubiri uwe na bendera. Na tusisahau tunavyojisemea siku nyingine. Tunapoweka geti kwenye barabara ya umma na kumuuliza mama anakwenda kwa nani, hapo tunakuwa serikali. Tunapowapangia bodaboda saa za kupita, ni serikali. Mama akija na madaftari yaliyolowa, ghafla tunakuwa kikundi cha marafiki wanaochangiana.

Hoja ya pili ndiyo ninayoichukia zaidi: aliyechangia ndiye anayeamua. Inasikika kama haki. Itazame kwa karibu. Kwa kanuni zetu, kura ni ya mwenye nyumba. Mpangaji hana kura hata kama mchango wa kila mwezi unatoka mfukoni mwake, na mara nyingi ndiyo hivyo, kwa sababu baba mwenye nyumba huongeza elfu thelathini juu ya kodi halafu anakuja kikaoni kuhesabiwa kuwa mchangiaji. Dada wa kazi anayeamka saa kumi na moja kufagia mbele ya geti hana kura. Muuza genge hana. Mlinzi hana.

Wewe unayesoma hapa, mwenye miaka ishirini na kitu, kazi ya mkataba na chumba kimoja na sebule, huenda umo kwenye orodha hiyo. Mtaani kwako kuna kundi la simu linalojadili maji unayokunywa na kelele unazosikia, na wewe hujawahi kuingizwa. Wanakuita "wapangaji wa fulani." Umeishi hapo miaka minne. Mwenye nyumba wako ana miaka mitano hajalala mtaani humo.

Na huyo mlinzi. Mlinzi wetu wa usiku anakaa bondeni. Usiku ule wa mvua alikuwa getini, ndani ya koti la mvua tulilomnunulia kwa fedha za chama, akiangalia maji yakishuka kwenye mtaro kuelekea kwake. Alipiga simu nyumbani mara nyingi. Hakuondoka lindoni. Jambo hili sikulijua hadi wiki tatu baadaye, alipoomba apewe mshahara wa mwezi ujao mapema anunue godoro. Mweka hazina akauliza kwenye kundi kama kanuni zinaruhusu.

Kuna jibu ambalo vijana wenzangu huwa wanalitoa nikiwasimulia haya: kwamba vyama vya wakazi vyote ni klabu za wenye mali, viachwe vife. Sikubaliani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Hanna Nassif pale Kinondoni ilikuwa sehemu ambayo mvua kubwa ilikuwa inaingia vyumbani na kukaa. Wakazi wakaunda chama chao cha maendeleo, na kwa kushirikiana na jiji na mashirika ya kimataifa wakajengewa mradi ambao wao wenyewe ndio waliokuwa vibarua wake. Wanaume na wanawake wa mtaani walishika sururu na chepe, wakalipwa, wakajenga mitaro ya mawe na zege na barabara za ndani. Sisemi palikuwa peponi. Nani amewahi kuona mradi wa mtaa usio na ugomvi wa fedha? Ila mtaro ule ulianza na ramani ya maji, si na orodha ya waliolipa. Ukianza na maji, huwezi kuishia getini, kwa sababu maji hayana habari na geti.

Sasa niseme jambo litakalowaudhi wenzangu wa barazani. Chama chetu kimekuwa na nguvu kwa sababu tumeukimbia mkutano wa mtaa. Serikali ya mtaa ipo: ina mwenyekiti anayechaguliwa kila miaka mitano, ina wajumbe, ina mtendaji na mhuri. Ina mkutano mkuu, na kila mkazi mtu mzima ana haki ya kuhudhuria, awe ana hati ya nyumba au ana funguo ya chumba tu. Kwenye mkutano huo Mama Vitumbua na mwenye geti jeusi wana sauti sawa. Na ndiyo maana wenye magari hatuendi. Tunasema ni vurugu, tunasema ni siasa. Mwaka 2019, vyama vikuu vya upinzani vilipojitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na chama tawala kikatangazwa kushinda kwa zaidi ya asilimia 99, wengi wa rika langu tuliufunga mlango huo moyoni kabisa. Nilikuwa mmoja wao. Nilisema sitapoteza Jumamosi yangu kwa watu ambao hawakunihitaji kuwachagua.

Nilikuwa na sababu ya kukasirika. Lakini ona hasira ile ilizaa nini. Nilihama kutoka kwenye mkutano ambao angalau kwa sheria ni wa wote, nikaingia kwenye kikao ambacho kwa kanuni ni cha wenye nyumba arobaini na sita. Huko hakuna aliyeengua wagombea wapinzani, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwaalika. Mama Vitumbua angeweza kumshtaki mwenyekiti wa mtaa kwa diwani, au kumkumbusha kura. Mimi, katibu, angenishtaki wapi?

Kuna hasara nyingine, na hii ni ya wenye nyumba wenyewe. Kila tunapolipia taa, mlinzi, kalavati na mtaro mfukoni, tunaipunguzia manispaa aibu ya kutokufanya kazi yake. Tunalipa kodi ya majengo, kisha tunajitoza kodi nyingine, kisha tunajisifu kwamba tunajitegemea. Ofisi husika ikiombwa mtaro wa bondeni inajibu kwamba huko juu wananchi wamejitolea, kwa nini chini wasijitolee? Hilo nimelisikia kwa masikio yangu, nikiwa nimekaa kwenye benchi la ofisi hiyo nikisubiri mhuri. Mchango wetu umegeuzwa kuwa fimbo ya kuwachapia wasioweza kuchanga.

Tangu hapo nimeshuka bondeni mara nyingi kuliko nilivyoshuka katika miaka yangu yote ya kuishi mlimani. Kuanzia geti jeusi hadi kijitoni ni mita tisini na kitu, nimezipima kwa hatua na baadaye kwa futi ya fundi. Mtaro mdogo upo, wa udongo, wameuchimba wenyewe kwa majembe na wanauzibua kila Jumapili. Nilijua habari hiyo kutoka kwa kijana mmoja aliyekuwa anazibua, aliyenisalimia "Habari ya juu, kaka," kwa adabu kabisa, na sikujua kama ananitania.

Gharama yake, kwa bei ya fundi yuleyule, ni pungufu ya tuliyotumia sisi. Kwa hesabu yangu, tukisimamisha ujenzi wa kibanda kipya cha walinzi na kile kitu cha kuingilia magari kwa kadi, ambacho tayari kina fungu, tunapata karibu nusu. Nusu nyingine inapaswa kudaiwa kwa manispaa, kwa barua yenye mhuri wa mtaa, yenye majina ya juu na ya chini kwenye karatasi moja. Majina ya chini nimeanza kuyakusanya. La kwanza ni la Mama Vitumbua, na ndipo nilipolijua jina lake.

Kikao ni Jumapili ijayo, saa kumi, barazani kwa mwenyekiti. Nimeweka ajenda mbili. Moja ni mita tisini. Nyingine ni kubadili kanuni ili mkazi yeyote anayelala mtaani awe na kura, mpangaji na mlinzi wakiwemo. Mwenyekiti amenipigia jana usiku. Hakukasirika, alisema, "Mwanangu, ajenda ya kura itatugawa, iondoe tupitishe mtaro." Nimemwambia bila ile ya kura, mtaro huu ni sadaka, na mwakani tutaikata tukiishiwa. Akanyamaza kidogo, akaniuliza kama nina uhakika wa kura ngapi. Nina saba. Zinahitajika ishirini na nne. Muhtasari, hata hivyo, bado naandika mimi, na ajenda ya kwanza siku zote ni kusoma uliopita na kuusahihisha. Pale nitaomba ile sentensi ya maneno manne ifutwe, nikitaja kwamba aliyeiandika ni mimi, na kila atakayetaka ibaki nitamwomba anyooshe mkono, niandike jina lake.